Utajiri ulitangulia au mchanganyiko wa watu? Jibu kwa mwalimu wa Nakuru

SWALI: Hujambo Daktari. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Nakuru. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliniuliza jambo ambalo sikutaka kulijibu kwa kubahatisha. Kanada, Australia na Marekani zimejaa watu wa kila rangi na kila dini, na ni tajiri. Sisi tuna makabila zaidi ya 40, na kila uchaguzi ukikaribia tunaanza kuangaliana vibaya. Je, mchanganyiko wa watu ndio uliowatajirisha wenzetu, au walitajirika kwanza ndipo wakaweza kuvumiliana? Halafu kuna la nyumbani: binti wa dada yangu ni muuguzi, ana diploma, na kuna ajenti anamwambia aende Kanada kupitia chuo. Tunasikia huko siku hizi wageni hawatakiwi tena. Tumshauri nini?

JIBU: Mwalimu, nakusalimu kutoka Kisumu, na uwasalimu hao wanafunzi, maana wameuliza swali ambalo wachumi bado wanabishania.

Kati ya hayo mawili hakuna lililotangulia. Kilichotangulia ni uhaba wa mikono ya kazi. Ndio uliofungua milango ya nchi hizo, mara nyingi wenyeji wakiwa hawataki kabisa. Kuvumiliana kulikuja baadaye, na kulikuja pale tu palipokuwa na kodi na taratibu ambazo hazimuulizi mtu yeye ni wa nani. Taratibu hizo zikilegea, ugomvi hurudi, huko kama huku.

Tuanze na Kanada, kwa kuwa ndiko anakoelekea mpwa wako. Kati ya 1881 na 1885 Wachina wapatao 15,000 walifanya kazi kwenye reli ya Canadian Pacific, katika milima ya British Columbia, ambako baruti na maporomoko ya mawe viliua wengi. Reli ilikamilika mwaka 1885. Mwaka huohuo bunge likapitisha kodi ya kichwa: kila Mchina anayeingia alipe dola 50. Kufikia 1903 kodi hiyo ilikuwa dola 500, na mwaka 1923 mlango ukafungwa karibu kabisa hadi 1947. Kazi ilipokuwepo, Mchina alikuwa mtu wa maana. Kazi ilipokwisha, watu wakaanza kuona kasoro katika chakula chake, dini yake na mavazi yake.

Wanafunzi wako wataielewa habari hii upesi, kwa sababu mji wao ulizaliwa na reli. Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kwa mkataba, karibu 2,500 wakafia kazini, na reli ikafika ziwani hapa, palipoitwa Port Florence, Desemba 1901. Vibarua wengi walirudi kwao. Waliobaki ni kama 6,700, na pamoja na wafanyabiashara waliowafuata ndio walioanzisha maduka yaliyoibeba biashara ya Kisumu kwa miaka mingi. Nitawarudia hawa.

Australia iliutumia ujanja. Sheria yake ya uhamiaji ya 1901 haikumtaka ofisa amwambie mtu kwamba anakataliwa kwa rangi yake. Ilimruhusu amsomee mgeni kifungu cha maneno 50 katika lugha ya Ulaya, naye akiandike. Akishindwa, arudi melini. Anayechagua lugha ni ofisa. Mwaka 1934 alifika mwandishi wa Kicheki, Egon Kisch, ambaye serikali haikumtaka kwa siasa zake za mrengo wa kushoto. Alijua lugha kadhaa za Ulaya, basi wakamsomea Kigaeli cha Uskoti. Mahakama kuu iliukataa mtihani huo, lakini desturi yenyewe iliendelea hadi 1958. Kisa hiki kitakufaa darasani, kwa sababu kinaonyesha jinsi utaratibu ulio safi kwenye karatasi unavyoweza kuficha ubaguzi.

Kisha vita vya pili vya dunia vikaisha, na Australia ikajikuta na watu kama milioni 7 tu katika bara zima. Waziri wa uhamiaji, Arthur Calwell, alitaka Waingereza. Hawakutosha. Wakachukuliwa watu wa Baltiki, halafu Waitaliano, halafu Wagiriki. Katika mradi wa umeme na maji wa Snowy Mountains, uliodumu kuanzia 1949 hadi 1974, walifanya kazi watu zaidi ya 100,000 kutoka nchi zaidi ya 30. Wajerumani na Wapolandi, ambao miaka michache nyuma walikuwa wakiuana, walichimba mahandaki pamoja. Sera ya kuifanya Australia kuwa ya Wazungu pekee iliondolewa rasmi mwaka 1973. Tazama mpangilio huo, Mwalimu: kazi, kisha watu, na sheria nzuri mwisho kabisa.

Kanada nayo iliondoa vizuizi vingi vya rangi mwaka 1962, na mwaka 1967 ikaleta mfumo wa alama. Hapa ningependa wanafunzi wako wakae kidogo, hata uandike ubaoni. Anayeomba alipimwa kwa alama 100, na akipata 50 amepita. Elimu ilikuwa na alama hadi 20. Kama kazi yako inahitajika nchini, hadi 15. Ujuzi, umri, lugha na kuwa na kazi inayokusubiri, kila kimoja hadi 10. Kuwa na ndugu huko, au kazi nyingi katika eneo unakokwenda, 5 tu kila kimoja. Halafu kulikuwa na alama 15 za ofisa mwenyewe, kwa jinsi anavyokuona. Kwa hiyo upendeleo haukuisha siku hiyo. Ila kwa mara ya kwanza kijana wa Punjab au wa Jamaika aliweza kukaa na karatasi, akajumlisha mwenyewe, akajua amepita au hakupita. Kwa maoni yangu, jedwali lile lilibadilisha Kanada kuliko hotuba zote za kusifu tamaduni nyingi. Tangazo la Waziri Mkuu Pierre Trudeau kwamba Kanada ni nchi ya tamaduni nyingi lilikuja mwaka 1971, watu wakiwa wameshaanza kuingia.

Sasa sehemu ya swali inayotuuma: kwa nini sisi?

Jibu bora ninalolijua lilifanyiwa utafiti hapahapa magharibi. Watafiti wawili, Edward Miguel na Mary Kay Gugerty, walizichunguza shule za msingi za Busia na Teso na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Hiyo ilikuwa habari ya miaka ya 1990, kabla ya elimu ya msingi bila malipo ya 2003, wakati dawati na paa vilitegemea michango ya wazazi. Waligundua kwamba shule zenye wazazi wa makabila mchanganyiko zilichanga pesa kidogo na zilikuwa na madawati na madarasa duni kuliko shule za kabila moja. Kusoma hilo tu kunaweza kumfanya mtu aseme kuchanganyika ni balaa. Lakini wao waliendelea hadi kwenye kumbukumbu za mikutano ya kamati za shule. Kule ambako wazazi wote walikuwa wa kabila moja, asiyelipa alitajwa mbele ya watu na kubanwa mpaka alipe. Palipo na mchanganyiko, kamati iliogopa kumgusa Mteso kwa kuwa mwenyekiti ni Mluhya, au kinyume chake. Basi wengi hawakulipa, na hakuna aliyewauliza.

Umeona tatizo lilipo? Hao wazazi hawakuwa wanachukiana. Shule yao ilisimama juu ya aibu, na aibu humshika mtu kati ya watu wake. Kanada mzazi Msomali na mzazi Mwaireland hawachangi harambee ya paa. Serikali ya mkoa inalipa kutoka kwenye kodi, na asiyelipa kodi anaandikiwa barua na ofisi isiyojua wala kujali mama yake alizaliwa wapi. Mvua haiwanyeshei watoto darasani wakati watu wazima wanajifunza kupendana, kama watajifunza.

Na usidhani ni suala la umaskini peke yake. Miguel huyohuyo alikuwa ameilinganisha Busia yetu na wilaya ya Meatu, Tanzania, katika utafiti wa 2004. Meatu nayo ilikuwa maskini na ina makabila. Lakini vijiji vyake vya mchanganyiko havikuwa nyuma kwa shule wala visima. Maelezo yake ni kwamba Tanzania ilitumia miaka mingi kujenga taifa: Kiswahili kila ofisi na kila shule ya msingi, mtaala mmoja, uchifu wa kikabila ukafutwa. Hilo nalisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu Meatu si Toronto. Tungeweza.

Ila kwa Nakuru kuna jambo la pili ambalo siwezi kuliruka, nalo ni ardhi. Tunaposema nchi za wahamiaji tunamsahau mwenye nchi. Kanada na Australia zilijengwa juu ya ardhi ya watu waliokuwapo, na Waaborijini wa Australia hawakuingizwa katika hesabu rasmi ya watu wa nchi yao hadi kura ya maoni ya 1967. Bonde la Ufa lina historia inayofanana na hiyo: mkataba wa 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka maeneo ya Naivasha na Nakuru ili walowezi wapate nafasi, kisha wakaletwa vibarua kutoka Kati, kutoka Kisii, kutoka huku kwetu magharibi. Baada ya uhuru, mashamba yale yaligawanywa kwa mipango na kampuni za kununua ardhi, na kila jamii ikabaki na madai yake ambayo hayakuwahi kusikilizwa yakaisha. Kwa hiyo ghasia za 2007 na 2008 zilipoitwa vita vya makabila, mimi niliona hati za mashamba nyuma yake. Mhamiaji wa Calgary akinunua nyumba, jirani yake hamwambii babu yako hakuwa hapa. Hamwambii kwa sababu mwenye haki ya kusema hivyo alinyamazishwa zamani, na hilo ni deni ambalo Kanada inaendelea kulilipa polepole. Wanafunzi wako wasiionee wivu nchi hiyo bila kujua sehemu hii.

Nilisema nitawarudia watu wa dukani. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara, zilizowabana Waasia ambao hawakuwa wamechukua uraia. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, wakaanza kuondoka kwa ndege. Uingereza ilipoona hivyo ikapitisha sheria ya kuwazuia, Machi 1968, kwa siku chache tu. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza wa Uganda, na halmashauri ya mji wa Leicester, huko Uingereza, ikaweka tangazo katika gazeti la Kampala kuwaomba wasije Leicester. Walikuja.

Leicester ilikuwa mji wa viwanda vya soksi, nguo na viatu, na viwanda vilihitaji watu wa zamu ya usiku. Wale waliokuwa na maduka Kisumu au Kampala wakaanza upya mashineni. Mwaka 1974 wafanyakazi Waasia wa kiwanda cha mashine za kuchapa cha Imperial Typewriters waligoma kwa kupunjwa marupurupu, na chama chao cha wafanyakazi hakikuwaunga mkono. Mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. Viwanda vingine vikafuata, na hapo ndipo ujuzi wa dukani ulipowaokoa. Walifungua biashara zao, na barabara ya Belgrave, iliyokuwa imeanza kufa, ikawa mtaa wa sari, dhahabu na vyakula unaovuta wateja kutoka kila upande wa Uingereza. Sensa ya 2021 ilionyesha Waasia ni asilimia 43 ya mji na Wazungu asilimia 41.

Mji huu husimuliwa kama hadithi ya ushindi, na mimi naukubali ushindi huo. Lakini kuna nusu ya pili. Viwanda vikubwa vilipokufa vilizaliwa vyumba vya ushonaji visivyo na chama wala ukaguzi wa maana, na mwaka 2020 habari za washonaji wa Leicester wanaolipwa chini ya kima cha chini cha sheria zilisambaa Uingereza nzima. Wengi wao walikuwa wahamiaji, na baadhi ya waajiri pia walikuwa wa familia za wahamiaji. Mwaka 2022 vijana wa Kihindu na wa Kiislamu wakapigana mitaani. Watu walisema ni dini. Dini ilikuwepo, ndiyo. Lakini kiwanda kikubwa kiliwaweka baba zao kwenye mstari mmoja, wakila chakula cha mchana meza moja na kumlalamikia bosi mmoja. Kijana wa leo anapeleka chakula kwa baiskeli au anapanga mizigo ghalani usiku, akifuata maagizo ya simu, na anaweza kumaliza mwaka bila kujua jina la jirani. Mabadiliko haya ya uchumi ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko idadi ya wageni. Ujerumani ililijua hili mapema kwa njia nyingine: iliwaita Waturuki kwa mkataba wa 1961, na kama wahenga wetu walivyosema, siku ya tatu ikampa mgeni jembe. Ikasahau kwamba mwenye jembe atataka kiti, na njia rahisi ya uraia kwa watoto waliozaliwa huko ilisubiri hadi mwaka 2000.

Wanafunzi watauliza pia kama wageni hushusha mishahara. Mfano unaobishaniwa zaidi ni wa Miami: mwaka 1980 Wacuba wapatao 125,000 walivuka bahari kwa miezi michache, na wafanyakazi wa mji wakaongezeka kwa takriban asilimia 7. David Card, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, hakuona mishahara ya wenyeji ikishuka. George Borjas alirudia hesabu akaona wanaume wasiomaliza sekondari waliumia. Mimi naelekea kwa Card, kwa kuwa mgeni pia hula, hupanga nyumba na hununua nguo, na hivyo huzaa kazi. Lakini yule mwenye elimu ndogo anayeshindana na mgeni ana kwa ana, hofu yake ni ya kweli, na nchi inayomcheka hujuta kwenye sanduku la kura.

Sasa mpwa wako. Ni kweli, Kanada imebana. Mwaka 2023 watu wake waliongezeka kwa asilimia 3.2, kasi kubwa mno kwa nchi tajiri, na sehemu kubwa walikuwa wanafunzi na wafanyakazi wa muda. Kodi za nyumba zikapaa. Ukitafuta chanzo utakuta mambo ya hesabu zaidi ya tamaduni. Mkoa wa Ontario, kwa mfano, ulipunguza karo ya wenyeji kwa asilimia 10 mwaka 2019 na kuizuia isipande, basi vyuo vikakimbilia wanafunzi wa kigeni wanaolipa mara kadhaa zaidi, bila mtu kujenga mabweni. Mzalendo aliyekosa nyumba alimwona mgeni kwenye foleni, hakuiona bajeti ya chuo. Januari 2024 serikali ikaweka kikomo cha vibali vya wanafunzi, na Oktoba ikashusha lengo la wakazi wa kudumu wa 2025 kutoka 500,000 hadi 395,000.

Soma tarakimu hiyo ya mwisho tena. Watu 395,000 kwa mwaka si mlango uliofungwa. Ulio mgumu sasa ni mlango wa chuo, ambao ndio ajenti anauuza. Mpwa wako ana kitu ambacho Kanada inakitafuta: tangu 2023 mfumo wao wa kuchagua wahamiaji una kundi maalumu la wahudumu wa afya. Lakini nakurudisha kwa yule ofisa na maneno yake 50, maana kizuizi cha leo kiko kwenye leseni. Madaktari na wahandisi wengi wameendesha teksi Toronto kwa sababu waajiri na vyombo vya usajili walidai uzoefu wa Kanada, kitu ambacho mgeni hawezi kuwa nacho. Ontario ilipitisha sheria mwaka 2021 kupunguza dai hilo katika taaluma kadhaa, na mikoa haifanani.

Kwa hiyo asimpe ajenti hata shilingi kwa sasa. Kwanza achague mkoa, kisha asome masharti kwenye tovuti ya chombo cha wauguzi cha mkoa huo. Baadhi ya mikoa hutaka vyeti vya muuguzi wa kigeni vipimwe kwanza na shirika linaloitwa NNAS, na muuguzi kamili hufanya NCLEX, yaani mtihani wa leseni. Aulize mapema diploma yake itahesabiwa kama muuguzi kamili au msaidizi, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo itakayoamua mshahara wake na mtihani atakaofanya. Aombe Baraza la Wauguzi la Kenya lithibitishe usajili wake, na chuo chake kitoe matokeo ya masomo yote, pamoja na saa alizofanya wodini. Karatasi hizo huchelewa kuliko kitu kingine chochote, na zinaweza kuanza kushughulikiwa wiki hii akiwa bado kazini hapo Nakuru.